Anayerudishiwa Kodi ni Mgeni

Safari zangu nyingi ni za mashine. Nafundisha wauguzi kutumia mashine za kusafishia figo, na kampuni iliyoniajiri hunituma huku na huko: leo Kanada, mwezi ujao Rwanda, baadaye Peru. Lakini Juni hii nilifunga safari yangu mwenyewe, kwa nauli yangu, kwenda Stockholm. Ornella, binti wa mdogo wangu Renovat, alikuwa anamaliza sekondari. Katika uzao wetu wote yeye ndiye wa kwanza kuanza darasa la kwanza na kumaliza la mwisho katika nchi moja, bila kukimbia. Renovat alinipigia simu akasema, "Dada, usipokuja sitakusamehe." Wala hakuwa na haja ya kunitisha. Nilikuwa nimeshaomba likizo.

Kwa wasiotufahamu, sisi ni Warundi tuliolelewa kambini, upande wa Kasulu mkoani Kigoma. Kirundi ni cha Mama, ila mimi na Renovat tulicheza kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, na mpaka leo ndicho tunachoongea kwenye simu. Yeye na mkewe Domitila walipelekwa Uswidi. Mimi na Mama tukapelekwa Amerika, katika mji wa Louisville, na huko ndiko tuliko.

Louisville, usiku wa kufunga mizigo, Mama alikaa kitandani kwangu akinitazama nikikunja nguo. Miguu yake haimruhusu tena kupanda ndege. "Niletee kitu cha joto kutoka kwa Renovat," akasema. "Na uniangalizie anakaaje. Kwenye simu kila siku ananiambia salama tu."

Nikatia pasipoti kwenye mkoba, na kando yake kadi yangu ya kuingia haraka. Hapa naomba nijisifu kidogo. Kadi hii hupewa msafiri wa mara kwa mara ambaye serikali imemchunguza ikamwamini. Nikirudi Amerika sipangi foleni na umati. Mashine inanipiga picha, afisa ananiuliza swali moja mawili, napita. Siku ya mahojiano afisa aliniuliza nimewahi kuishi wapi. Nikamwambia kambini. Akaniuliza kambi ya jeshi? Nikamwambia hapana, kambi ya wakimbizi, nilikaa humo utoto wangu wote. Aliandika, akanitazama, akaandika tena, na baada ya wiki chache kadi ikaja kwa posta. Mama aliishika juu chini kama noti mpya. Mtoto aliyekulia kwenye foleni ya unga sasa alikuwa na kadi ya kuruka foleni.

Uwanja wa ndege wa Arlanda, asubuhi, kadi hiyo haikunifaa kitu. Uswidi haiijui. Nilipanga mstari na wageni wengine wote, nikachukuliwa alama za vidole na picha, huku mzee mmoja nyuma yangu akilalamika kwa lugha nisiyoielewa. Nilicheka peke yangu. Ukubwa wa mtu una mipaka yake.

Nje ya mlango Renovat alikuwa amesimama na koti la udereva wa basi, ametoka zamu. Amenenepa, na mvi zimemwingia kwenye ndevu. Tulikumbatiana hadi watu wenye masanduku wakaanza kutuzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

"Umezeeka," akaniambia.

"Wewe je? Hujioni?"

Tukapanda pendeltåg, treni inayobeba watu wa makazini kutoka kaskazini ya mji hadi kusini, tukavuka jiji zima mpaka Tumba. Njiani alinionyesha vitu kama mwenye shamba anayemtembeza mgeni: ule ni msitu tunakookota uyoga, lile ziwa huganda, nililipita kwa miguu, ile ni njia ya basi langu. Kila alichonyooshea kidole alikitaja kwa jina lake la Kiswidi, bila kujikwaa.

Tumba, nyumbani kwao, Domitila alitupokea kwa ugali, lengalenga na maharagwe, na baada ya hapo kahawa na mikate yao midogo ya iliki, maana Uswidi bila kahawa hujakaribishwa. Ornella alikuwa chumbani.

"Ornella! Shangazi amefika!" mama yake akaita.

"Jag kommer!" sauti ikajibu.

"Anasema anakuja," Domitila akanieleza, akatikisa kichwa. "Tunamwita kwa Kiswahili, anatuitikia kwa Kiswidi. Lakini ukimsema vibaya kwa Kiswahili, anasikia kila neno."

Akatokea binti mrefu kuliko baba yake, akanipigia goti kidogo kama alivyofundishwa, akanikumbatia kwa nguvu kama alivyotaka mwenyewe. Anataka kusomea uhandisi wa maji. Alinieleza kuhusu mabomba na visima mpaka ugali ukapoa, Kiswahili chake kikichechemea lakini hakianguki.

Siku ya pili, Renovat akiwa na mapumziko, tulikwenda katikati ya mji kumtafutia Mama kile kitu cha joto. Katika duka kubwa karibu na Hötorget nilichagua blanketi la sufu la rangi ya samawati, nikajichagulia koti la mvua, na bakuli zito la kioo la kuweka mezani Krismasi. Mhudumu alikuwa dada Mkenya. Jina lake, Njeri, lilikuwa kifuani. Alitusikia tukizungumza, uso ukamfunguka.

"Karibuni sana! Dada, wewe unaishi hapa ama umekuja kutembea?"

"Kutembea. Naishi Amerika."

"Basi uko na haki ya kurudishiwa moms. Hiyo ni kodi iko ndani ya bei ya kila kitu hapa. Mtu akipeleka vitu nje ya Ulaya anarudishiwa. Nipatie pasipoti."

Nikampa pasipoti, na juu yake nikaweka ile kadi, nikidhani itaongeza uzito. Njeri aliigeuza, akanirudishia akitabasamu.

"Hii weka tu. Hapa pasipoti inatosha. Hii itakusaidia ukifika kwenu."

Akafunga vitu vyote kwenye mfuko mmoja, akaubandika. "Sasa sikia, dada. Usifungue, usitumie. Siku ya kwenda, kabla hujapeana sanduku, unapitia dawati la forodha na vitu mkononi. Wakitaka kuona, waone. Vitu lazima vitoke Uswidi. Hiyo ndiyo maana ya hii kitu yote."

Nilimshukuru. Nilipogeuka, Renovat hakuwa nyuma yangu. Nilimkuta kwenye sehemu ya kompyuta, mbele ya kompyuta mpakato moja ya kijivu, mikono nyuma, kama mtu aliyesimama mbele ya picha kanisani.

Ndani ya treni ya kurudi, tulipokwisha kukaa, akaniinamia.

"Dada, ile kompyuta uliyoniona nayo ndiyo anayoitaka Ornella. Hajaniomba, lakini nimeona anavyoitazama kwenye simu. Pesa yangu inapungua kidogo tu. Tukiinunua kwa pasipoti yako, hiyo moms ikirudi, inatosha kabisa."

"Lakini kompyuta inabaki huku."

"Utaionyesha forodha, watathibitisha kwamba inatoka, halafu unanipa palepale kabla hujaingia ukaguzi. Nani atajua? Watu wanafanya."

Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Huyu ni Renovat, ambaye kambini alimrudishia mgawa unga kilo aliyozidishiwa, na Mama akampiga kwa hilo kisha akalia.

"Hapana, mdogo wangu. Hiyo itakuwa imetoka kwa maneno tu. Wakigundua, kadi yangu inakwenda, na kazi yangu yote ni ya kusafiri."

"Kwa hiyo kadi ni kubwa kuliko mtoto wa nduguyo?"

Lilinichoma.

"Si kadi, Renovat," nikamwambia. "Maisha yangu yote nimesimama mbele ya maafisa nikitetemeka, hata nilipokuwa nasema kweli. Wewe unajua. Sasa nasimama sitetemeki. Usinirudishe kule."

Aligeukia dirishani. "Umekuwa Mmarekani kabisa," akasema, kwa sauti ya chini.

"Basi acha mimi niinunue, iwe zawadi ya shangazi."

"Mmetutumia vya kutosha, wewe na Mama. Hii ni ya baba yake."

Tuliposhuka Tumba, yeye akatangulia. Kilichonitia hofu hakikuwa kadi. Nilikuwa nimevuka bahari kuja kumwona ndugu yangu wa pekee, na sasa tulikuwa tunatembea mmoja mbele, mwingine nyuma, kama watu wasiojuana.

Kesho yake aliondoka kazini kabla sijaamka, akarudi akala, akalala. Domitila alinimiminia chai mara mbili bila kuuliza. Mara ya tatu akauliza. "Wifi, mmegombana?"

"Tumepishana kidogo."

"Huyo akinyamaza, anafikiri. Mwache afikiri." Akanisogezea sukari.

Siku ya mahafali ilipambazuka na mawingu, lakini hakuna aliyejali. Domitila alifunga imvutano yake ya rangi ya dhahabu, lile vazi letu la kufunga begani, na mimi nikafunga yangu niliyoibeba kutoka Louisville. Renovat alivaa suti. Tulipanda treni namna hiyo, tukibeba bango lenye picha ya Ornella akiwa mchanga, amefungwa ndani ya nguo za theluji mpaka pua tu inaonekana. Ndiyo desturi yao: kila familia husimama nje ya shule na bango la mtoto wake alipokuwa mdogo, ili atakapotoka aione na kujua watu wake wako wapi.

Uani mwa shule tulisimama katikati ya mamia ya mabango. Vichanga vya kila rangi vilikuwa vinatutazama kutoka angani. Wazazi walikuwa wameshika maua na vidubu vidogo vyenye utepe wa buluu na manjano, wa kuwavisha watoto shingoni. Kisha milango ikafunguka. Wakatoka mbio, wanaimba kwa sauti za kupasuka, wote na kofia nyeupe za wahitimu, na hapo mawingu, kweli nawaambia, yaliachana.

"Yule! Yule pale!" Domitila akapiga kigelegele ambacho nadhani Tumba walikisikia.

Ornella aliliona bango, akakata umati, kofia imeelekea upande. Renovat akaniachia mimi bango. Akaruka. Akaruka juu kabisa, magoti kifuani, mikono imetanuliwa, namna wapiga ngoma wa kwetu wanavyoruka, na suti yake, na viatu vyake vya ngozi. Waswidi wakampisha nafasi, kisha wakaanza kumpigia makofi. Akaruka tena. Nilikuwa sijamwona akiruka hivyo tangu tukiwa watoto pembeni ya uwanja wa kambi, na sikumbuki lini nimejivuna zaidi kuitwa dada wa mtu.

Alasiri, majirani na watu wa kanisani walikuja kwenye chumba cha sherehe cha jengo lao: Warundi, Wanyarwanda, Wakenya wawili watatu, mama mmoja wa Bukavu aliyesema "félicitations", yaani hongera, kwa kila aliyempita, na wazee wa Kiswidi wa ghorofa ya chini waliokuja na keki ya jordgubbar, matunda yao mekundu ya kiangazi. Watu walipokwisha kula, Renovat akasimama. Alizungumza Kiswahili kwanza, kisha akajitafsiri mwenyewe kwa Kiswidi, sentensi kwa sentensi.

"Nimewaza sana siku hizi mbili," alianza. Hakunitazama. "Huyu binti yangu tangu shule ya chekechea amefundishwa na walimu, na mimi sijawahi kuitwa na mwalimu mkuu kuulizwa ada. Mchana amekula shuleni. Alipoumwa sikio, alitibiwa. Nilipofika nchi hii, nikijua neno moja tu la Kiswidi, tack, nilikuwa naogopa: ipo siku watakuja na hesabu. Hawakuja. Sasa najua kwa nini. Hesabu nailipa kila mwezi kwenye mshahara wangu, na kila nikinunua mkate. Nimelipa mimi, na huyu mzee wa chini amelipa, na wewe mama wa Bukavu umelipa. Shule ile imesimama kwa pesa yangu pia. Basi langu linapita mbele yake, na siku moja nilitaka kusimamisha abiria niwaambie."

Watu wakacheka. Wazee wa Kiswidi hawakucheka. Mama yule mzee alikuwa anafuta miwani.

Renovat akachukua mfuko chini ya meza, akampa Ornella. Ilikuwa kompyuta. Si ile ya kijivu. Ilikuwa ndogo zaidi, ya bei ya chini, aliyoinunua jana yake katika duka la karibu na stesheni, wakati wa mapumziko ya kazi. Alinieleza baadaye. Ornella aliifungua, akaifunga, akamkumbatia baba yake na kompyuta ikiwa katikati yao.

"Tack, pappa," akasema. Kisha, polepole, kwa lugha yetu: "Asante sana, baba yangu."

Jioni, tukikunja viti, Renovat akanijia.

"Nimelipa na moms yake yote," akasema.

"Nimesikia."

"Wewe rudishiwa, dada. Wewe ni mgeni." Akainua viti viwili kwa mkono mmoja. "Mimi si mgeni hapa."

Hakuomba msamaha, na mimi sikuutaka. Tukaendelea kukunja viti.

Siku ya kuondoka, Arlanda tena, safari hii familia nzima ilinisindikiza. Nilikwenda dawati la forodha na mfuko wangu haujafunguliwa. Afisa, kijana mpole, aliomba kuona. Nikatoa blanketi, koti, bakuli. Akathibitisha. Kisha akamgeukia Renovat, aliyekuwa amebeba sanduku langu, akamwuliza kwa Kiswidi kama naye ana vitu vya kurudishiwa kodi. Renovat akajinyoosha.

"Nej," akasema. "Jag bor här."

Ornella akaninong'oneza, "Anasema, hapana, mimi naishi hapa." Nilikuwa nimeshaelewa, kwa namna alivyosimama.

Angani, juu ya bahari, nilitafuta kalamu kwenye mkoba nikakuta kitu kirefu kimefungwa kwa karatasi ya jikoni. Domitila! Alikuwa amenitilia soseji kavu ya älg, yule mnyama wao wa msituni mwenye pembe kama matawi, ambayo nilikuwa nimeisifu mezani kupita kiasi. Nyama hairuhusiwi kuingia Amerika namna hiyo. Ningeweza kuila yote. Nilijaribu, nikashindwa nusu.

New Jersey, nilikotua kwanza, kwenye mlango wa haraka, mashine ilinipiga picha na njia ikawa nyeupe. Afisa akauliza nina nini cha kutangaza. Nikamwambia: blanketi, koti, bakuli, na nusu soseji. Akainua nyusi. Akanielekeza pembeni, kwenye meza ya ukaguzi, nikasimama hapo na kadi yangu ya kuruka foleni huku foleni nzima ya watu wa kawaida ikinipita, hata mzee mmoja aliyelalamika njia nzima ndani ya ndege. Afisa wa pili aliitupa soseji, akaona vitu vingine viko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, akanirudishia pasipoti.

"Asante kwa kusema," aliniambia.

Nikapita. Mikono yangu ilikuwa mitulivu kabisa, na niliitazama makusudi kuhakikisha.

Nimesafiri sana, lakini ilinichukua safari hii kuelewa jambo moja. Kurudishiwa kodi ni haki nzuri, na nitaidai kila ninapokuwa mgeni, kwa njia iliyonyooka. Lakini ipo heshima nyingine kubwa kuliko hiyo, ya kulipa bila kurudishiwa, kwa sababu kinachojengwa ni chako. Mimi nilikuwa najivunia kadi ya kupita milango upesi. Mdogo wangu ana mahali ambapo hahitaji kupita mlango wowote.

Louisville, nilimfunika Mama miguu kwa lile blanketi la samawati. Akalipapasa, akalinusa, akasema lina joto. Nikamwonyesha picha za kofia nyeupe na za Renovat akiwa hewani. Alizitazama moja moja, kwa muda.

"Sasa niambie kweli," akasema. "Anakaaje huko ugenini?"

"Mama, Renovat hayuko ugenini."

Nikamweleza yote: shule, hotuba, kompyuta ndogo, maneno aliyomjibu afisa. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya sufu. Kisha akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo.

"Mungu ashukuriwe," akasema. "Mwanangu amefika."